Kompyuta Inayozirai Ikiamka

Jumatatu, 4 Machi

Nimezaliwa na bahati. Sijisifu, natoa taarifa tu. Nimepaka rangi majumba ya wakubwa katika miji ya watu, nimeanguka na ngazi mara nisizokumbuka, sijavunjika hata ukucha. Kitu nikikishika kinakubali. Kwa hiyo leo kompyuta ya mke wangu ilipogoma, nilijua imefika kwa mwenyewe.

Tabia yake ni hii. Ukiiwasha inanguruma, kialama kinazunguka kwenye kioo, unaanza kufurahi, kioo kinakuwa cheusi. Inajiwasha tena. Inafika palepale, inazirai.

Mke wangu ni mwalimu. Humo ndani kuna kitabu alichowaandikia watoto wa darasa la pili, kazi ya miaka miwili. Mchapishaji anakitaka Ijumaa jioni. Kikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nakala ilikuwa kwenye flashi, flashi ilikuwa kwenye suruali yangu, suruali ikafuliwa.

Akasema tumpigie kaka yake, anayeshughulika na kompyuta ofisini kwao. Tunamwita Mhandisi. Nikasema siku Mhandisi akiingia humu kutengeneza kitu, mimi natoka na godoro langu. Akauliza godoro lipi, lile alilotununulia Mhandisi?

Nimepewa mpaka Alhamisi.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kwenye simu. Kumbe kuna kitu kinaitwa hali salama: kompyuta inaamka na mambo machache tu, kama mgonjwa anayepewa uji. Unabonyeza kitufe mfululizo wakati inawaka. Nimebonyeza kama mtu aliyekwama kwenye lifti.

Ikawaka! Nikaita nyumba nzima. Mke wangu akaja na povu mikononi, akasema ninakili kitabu kwanza, mengine baadaye. Nikamwambia atulie, kwanza mama aone.

Mama ni mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita, analala sebuleni, kochi lake linatazamana na kompyuta. Alikuja na vitambaa vyake vya kufuma: kimoja cha meza, kimoja cha redio, na kikubwa kuliko vyote cha sanduku la kompyuta. Nilikuwa nimekiweka kando nifanye kazi. Akasogea, akakitandika juu ya sanduku, akakivuta pembe zote nne zikaning'inia sawasawa. Akasema kitu kikipona kivishwe.

Tukapiga makofi. Tukapiga tena. Kioo kikawa cheusi.

Mke wangu alirudi kwenye vyombo vyake, na vyombo vikasema kwa niaba yake.

Uchunguzi wangu: virusi.

Jumatano, 6 Machi

Si virusi. Ni kumbukumbu. Simu inasema vile vibao vya kumbukumbu vikichafuka, kompyuta inasahau inakokwenda. Unavichomoa, unavisugua kwa kifutio cha penseli, unarudisha. Nimefungua sanduku. Vumbi la kupandia mchicha. Nikasugua, nikafunga. Skrubu moja ikabaki. Hawa watengenezaji huwa wanazidisha.

Nikarudisha kitambaa kwa adabu, maana mama alikuwa pale anafuma kingine. Nikawasha. Alama, zunguka zunguka, giza.

Ikabidi nitumie akili. Nikampigia Mhandisi, nikamweleza habari za rafiki yangu mmoja, fundi mwenzangu, ambaye kompyuta yake inazirai. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema nimpe pole rafiki yangu, na nimwambie mke wangu kwamba atapita jioni.

Akaja. Akamsalimia mama yake, akaligusa sanduku, akaondoa mkono haraka. Akakitazama kitambaa. Akamtazama mama. Akaniomba nikamwoneshe bomba la uani. Sisi hatuna bomba uani.

Huko nje akaninong'oneza: shemeji, mashine inakufa kwa joto. Feni imejaa vumbi, na kitambaa kimeziba matundu yote. Inajizima isiungue.

Nikasema amwambie mama. Akasema nimwambie mimi, mkwe anasamehewa. Nikamuuliza mkwe gani huyo, wa nchi ipi? Akanikumbusha kwamba mkewe aliwahi kukitoa kitambaa cha mama juu ya televisheni, na tangu siku hiyo mama hajalala kwao. Tukasimama pale, wanaume wawili wazima wenye ndevu, tunaogopa uzi.

Akasema basi angalau aichomoe diski aende nayo, kitabu kimo humo. Nikakataa. Mgonjwa ni wangu. Akaniangalia, akasema haya, shemeji, kesho kutwa ni Ijumaa.

Najua. Nina mpango.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango: kitambaa kikichafuka, kitafuliwa. Kikifuliwa, kitaanikwa. Kikianikwa, kompyuta inapumua, kitabu kinatoka, hakuna aliyekosewa heshima. Mpango kama huu hufundishwa vyuoni.

Nikamimina chai. Nikapita karibu na kompyuta kama mtu mwenye mawazo. Nikajikwaa, kistadi. Nilikusudia tone. Imekwenda bilauri nzima.

Uzi haushiki chai, nimejifunza hilo. Chai imepita kwenye kitambaa, imepita kwenye matundu, imeingia ndani. Ikasikika sauti kama mtu anayekaanga kitunguu. Halafu harufu. Halafu kimya.

Mke wangu alikuwa mlangoni na madaftari ya kusahihisha. Hakufoka. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, akayaweka madaftari mapajani, akasema taratibu kwamba kile kitabu kilikuwa na hadithi ya mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti, na mtoto huyo alikuwa yeye. Nimefokeana na watu wengi maishani, hilo naliweza. Hili la kusema taratibu sikujua niliweke wapi.

Nikasema yote. Joto, kitambaa, chai. Mama akaacha kufuma. Akasema, mwanangu, si ungeniambia tu nikitoe? Mimi nilikiweka kwa ajili ya vumbi. Nikauliza na kwa Mhandisi, mbona halali kule? Akasema kochi lao linamuua mgongo.

Nikatoka nje, nikampigia Mhandisi. Safari hii sikumtaja rafiki yeyote. Nikasema shemeji, nimeharibu, njoo umsaidie dada yako. Akasema yuko njiani, mama alishampigia.

Ijumaa, 8 Machi

Diski ni nzima. Chai haikuifikia. Mhandisi ameiunganisha na kompyuta yake, na kitabu kimetokea chote, na picha zake. Mke wangu alikisoma mwanzo mpaka mwisho hapohapo, anacheka peke yake, kisha akakituma. Saa tisa mchapishaji akajibu kwamba kimefika na kwamba hadithi ya mtoto mwoga itakuwa ya kwanza.

Nikasimama katikati ya sebule, nikamshukuru Mhandisi mbele ya watu wote. Ilikuwa ngumu kama kumeza kijiko. Akanipiga bega, akasema hata yeye hakuthubutu kumwambia mama. Kisha akamwachia dada yake kompyuta yake ya mkononi aitumie mpaka tupate nyingine. Akaniomba jambo moja tu, nisiiguse. Nikaapa.

Wameenda wote kumsindikiza mama kituoni, anarudi kwake. Nyumba kimya. Nimeiwasha ile kompyuta, kuitazama tu. Inawaka vizuri, lakini nimeona kialama kile kinazunguka zaidi ya inavyotakiwa. Mhandisi hana jicho la vitu kama hivi. Nimeshaifungua upande wa chini. Ina skrubu ndogo ndogo, nyingine nimeziweka kwenye sahani, nyingine ziko chini ya kochi.

Mlango unagongwa. Wamerudi mapema.

Ile habari ya kuzaliwa na bahati ni uongo. Sina.