Maili Nilizolisukuma Basi la Radi

Ubaruku,
kupitia Igawa.
Agosti, 1976.

Ndugu Meneja,
Kampuni ya Mabasi ya Radi ya Nyanda,
Mbeya.

YAH: SAFARI YANGU YA BURE KWENDA IRINGA KUTAZAMA NETIBOLI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisichosukumwa na mtu. Mimi ni Nkuba, mkulima wa mpunga hapa Ubaruku. Wazazi wangu walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukuma, na kwa lugha ya kwetu jina langu maana yake ni radi. Kwa hiyo siku nilipoona basi lenu limeandikwa RADI ubavuni nilifurahi sana, nikajiona nimepata ndugu. Nasikitika kukuarifu kwamba ndugu huyo amenichosha.

Shida yenyewe ni hii. Binti yangu Helena yuko kidato cha nne katika shule ya wasichana huko Iringa, naye ndiye mfungaji wa timu yao ya netiboli. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, wanacheza fainali, na ni mchezo wake wa mwisho kabla hajamaliza shule. Ndugu Meneja, sijawahi kumwona mwanangu akitumbukiza mpira kwenye ile ringi hata mara moja, na kila mwaka nimekwenda. Mwaka wa kwanza nilifika watu wanang'oa nguzo. Mwaka wa pili nilikuta mbuzi wanakula majani uwanjani. Mwaka jana nilimkuta Helena ameshaoga, amevaa sare yake, amekaa peke yake kwenye ngazi za bweni. Alinisalimia kwa adabu, akanipa kiti, wala hakuuliza kitu. Afadhali angenililia. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Sasa, kwenye ofisi yenu ya hapo Mbeya mmebandika tangazo kwamba kila maili ni pointi moja, na abiria akifikisha pointi elfu moja anapewa safari moja ya bure, kiti cha mbele, bila usumbufu. Mimi nimefikisha, tena nimepitiliza. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza, nami nitayapanga kwa namba ili usipate taabu ya kuyakwepa.

1. Kondakta wenu Lutengano anakataa kunihesabia maili za mlimani. Basi likitoka Igawa na kuanza kupanda kuelekea Makambako, huguna, hutetemeka, kisha hukata tamaa kabisa. Hapo Lutengano hupiga bati kwa kiganja na kututangazia kwamba wanaume wote chini, tusukume. Nashuka. Nasukuma. Tukifika Makambako ananiambia zile maili hazimo kwenye hesabu kwa sababu sikuwa ndani. Jamani! Nilikuwa wapi basi, kama si nyuma ya basi hilo hilo, bega kwenye bati lake, moshi wake wote kifuani kwangu? Kwa maoni yangu maili ya kusukuma ihesabiwe mara mbili. Tena siku hizi tumehamia kwenye kilomita, na mwalimu wa hapa amenieleza kwamba maili moja ina kilomita moja na nusu na ziada. Maili zangu kumbe zimezaa zikiwa zimelala. Naomba na watoto wao wahesabiwe.

2. Mwaka jana, wakati nasukuma, jogoo wa jirani yangu Mama Lusia alibaki ndani. Alikuwa amefungwa miguu, amewekwa kwenye kiti changu cha dirishani, na njia nzima ya mlima alikuwa akinitazama. Kwa hesabu ya Lutengano, siku ile jogoo alipata pointi kunizidi mimi. Sina ugomvi na jogoo. Ila alichinjwa Iringa siku ile ile, na pointi zake sijui mmempa nani. Naona ni haki zihamie kwa mwenye kiti.

3. Jambo hili nimelifikiria sana nikiwa shambani, nikagundua kosa kubwa katika tiketi zenu. Tiketi inasema mimi ni abiria na Radi ni chombo. Lakini pale mlimani nani anamsafirisha mwenzake? Injini ni mimi. Radi ni mzigo wangu. Na nyuma ya tiketi hiyo hiyo mmeandika kwamba kila abiria anaruhusiwa mzigo mmoja bila malipo. Kwa hiyo naomba Radi liandikwe rasmi kuwa ndio mzigo wangu mmoja, na tukifika Iringa nikabidhiwe, nilipeleke mpaka kiwanja cha shule, nipande juu yake nitazame mchezo vizuri. Baada ya filimbi ya mwisho nitawarudishia.

4. Dereva wenu Ezekia ana upendeleo. Ninaporudi nyumbani kutoka Iringa, sina hata kifurushi, Radi hukimbia kweli kweli. Hata kule kupanda kwa Mafinga halikohoi. Kumbe linaweza! Mwezi uliopita mimi nilibaki kusimamia ukoboaji, mke wangu Tekla akaenda peke yake kutazama nusu fainali, na kikapu chake kimoja cha mkononi. Basi likapanda ule mlima bila kusimama. Akafika mapema, akanywa na chai, akamwona Helena kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Amenisimulia kila goli, na hunisimulia tena kila tunapokaa kula. Nimechunguza nikapata sababu. Kwanza Ezekia anawapendelea wanawake. Pili, mkewe yuko Mbeya, ndiyo maana kurudi anakimbia na kwenda anajikokota: Iringa hana mtu wa kumkimbilia. Dawa yake ni kampuni kumwozesha mke wa pili Iringa. Mimi nitachangia mahari kwa ndama jike mmoja mzuri sana. Kama kanisa lake halikubali, basi huyo mke aliyenaye mumhamishie Iringa siku za fainali.

5. Lutengano, tena huyo huyo, ana tabia ya kutazama juu kwenye keria, halafu kunitazama mimi, halafu kuguna. Sipendi kugunwa.

Kutokana na hayo yote, naomba nipewe safari yangu ya bure Jumamosi hiyo, niketi mbele, nisiguse bati la basi kwa nje, na nifike kabla ya saa tisa. Ikionekana Radi halitawahi, basi wewe Ndugu Meneja umwandikie mwalimu mkuu wa shule kwamba filimbi isipulizwe mpaka nivuke lango. Wasichana wanaweza kupasha misuli moto huku wakinisubiri, ni vijana, hawachoki. Na kama hilo nalo ni gumu, kampuni izisafirishe timu zote mbili pamoja na refa na zile nguzo mpaka Igawa, fainali ichezwe pale chini ya mlima, maana ndipo ninapopatikana kila mwaka saa hizo. Hayo ni maombi ya mtu mpole. Ningekuwa mkali ningeomba mengine.

Usidhani napenda safari za bure. Nataka nimwone mwanangu akirusha ule mpira, nami nipige kelele uwanjani mpaka aone haya mbele ya wenzake. Mwakani atakuwa mtu mzima mwenye kazi yake, na mimi nitabaki na magoli ya kusimuliwa.

Nisalimie mama watoto na nyumba nzima. Wasalimie makarani wa ofisi, hasa yule aliyebandika tangazo, mwambie aliandika vizuri. Msalimie fundi wenu, mwambie namfikiria kila ninapouona mlima. Ezekia naye apate salamu, ajiandae kwa harusi. Lutengano pia msalimie, ingawa hakustahili.

Ni mimi, abiria wenu na injini yenu,

Nkuba
Mkulima, Ubaruku

Nyongeza: Kidogo nisahau. Naomba mniandalie nafasi juu ya keria kwa magunia yangu sita ya mchele, kama kawaida. Hayo hayahusiani na lile sharti la mzigo mmoja, kwa sababu si mzigo, ni zawadi, wala si biashara. Kuna la mwalimu mkuu, la matroni, la wapishi, la mwalimu wa netiboli, la binamu yangu Bartolomeo anayenipa pa kulala, na la refa, kwa upendo tu. Tekla ameisoma barua hii yote, kisha akaguna sawasawa na Lutengano. Sijui wamejifunzia wapi. Baadaye akaniambia ana salamu za Helena alizotumwa tangu mwezi uliopita, ambazo alikuwa anaogopa kunipa. Mtoto anasema siku ya fainali baba aje mikono mitupu, nisibebe chochote, nije mimi tu. Ndugu Meneja, machozi yalinilenga. Kumbe mtoto wa watu anamwonea baba yake huruma kwa kubeba! Lakini hebu nieleze wewe, ni baba gani wa Ubaruku atakwenda kwenye fainali ya mwanawe mikono mitupu? Watu wa Iringa watasemaje? Kwa hiyo nimeongeza gunia la saba, la Helena mwenyewe, na ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie Lutengano aje na kamba za kutosha.