Watani wa Jadi Katika Ukumbi wa Adelphi

Jumatano, 9 Desemba 1998

Mimi ni mtu wa bahati. Siandiki kujisifu, naandika kwa kumbukumbu. Watu mamilioni walicheza ile bahati nasibu ya kadi ya kijani. Marekani ikafumba macho, ikatumbukiza mkono kwenye gunia, likatoka jina langu. Kalisti! Mtoto wa Bukoba, darasa la saba na robo! Leo naendesha basi la nyumba ya wazee, naishi apatimenti ya maana hapa Adelphi, na ni golikipa namba moja wa Umoja Stars, timu yetu sisi watu wa Afrika Mashariki.

Timu haiko vizuri. Mechi saba, vipigo saba. Ukiniuliza mimi, tatizo ni la kisiasa. Mwenyekiti amehamia Texas, nchi imebaki bila serikali, kila beki ana chama chake. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe ishirini. Wagombea wawili: mimi na Fahmi.

Fahmi ni Mzanzibari, msimamizi wa maegesho ya magari kule Shaw, mshambuliaji wetu, Simba damu. Mimi Yanga. Hapo tu pangetosha. Lakini sasa ana sera. Sera yenyewe ni moja: akipita, golikipa anabadilishwa. Eti nina miaka arobaini na nne na naruka kama mtu anayetafuta miwani chini ya kitanda. Kasema hivyo mbele ya watu! Na watu wakacheka! Hata Ndirangu, beki wangu, Mkenya, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Kwa hiyo nisipopata uenyekiti, nakalia benchi. Ni hivyo tu. Na mimi nje ya goli ni nani? Dereva wa vibibi.

Ila nina silaha. Irene, nesi mwenzake mke wangu Honorata, amerudi jana kutoka Dar na kanda ya video aliyopewa na binamu yangu Respi. Imeandikwa kwa kalamu nene: SIMBA NA YANGA, USIFUTE. Leo ni Uhuru wetu, Jumamosi ni Jamhuri ya Wakenya. Naunganisha sherehe zote ukumbini, naonyesha mechi, watu wanashiba, kura zinakuja zenyewe. Siasa ni hiyo. Mengine ni hotuba.

Ijumaa, 11 Desemba

Nimetangaza kanisani, dukani, na kwa simu hadi Laurel. Nimewaambia watu Yanga imeshinda tatu kwa moja. Je, najua? Sijui. Kadi ya simu ilikatika Respi hajafika kwenye matokeo, alikuwa bado ananieleza habari za ng'ombe. Lakini nimepiga hesabu. Mwaka huu Yanga yangu huko kwenye klabu bingwa Afrika imetandikwa mpaka nikaona aibu kwa niaba ya redio. Sasa timu haiwezi kuonewa na kila mtu. Lazima Simba tuliwafunga.

Honorata kaniuliza kama nimeijaribu hiyo kanda. Nikamjibu mechi haionjwi kama mchuzi. Akaniuliza tena. Nikashika simu kumwalika mtu mwingine. Katoka shifti mbili mfululizo, hajavua viatu, anakaanga sambusa za watu wote. Mke wa mgombea huyo!

Jumamosi, 12 Desemba

Mungu wangu.

Watu walijaa. Mvua inanyesha na bado wakajaa! Mama Bilha, Mkenya wa Laurel, kabadilisha mabasi na sufuria la mukimo, viazi vya kuponda vya kwao, mapajani. Watoto wamevishwa jezi wasizojua za nani. Nikasukuma kanda kwenye deki. Deki ikameza. Televisheni ikatoa mistari.

Mistari! Myeupe na myeusi, inapanda, haikomi, na nyuma yake vivuli vya watu vinatetemeka kama vimemwagiwa maji ya moto. Sauti ya panya wanaogombea mkate. Nikaipiga deki kofi. Mistari. Nikaipiga la pili. Mistari minene zaidi. Ndirangu akaninong'oneza kwamba, maze, kanda za nyumbani zinarekodiwa kwa mfumo mwingine, deki za huku hazizisomi, yeye aliwahi kuangalia harusi ya dada yake nzima hivyo hivyo. Sasa ndiyo ananiambia!

Nikageuka kuwaangalia watu. Mama Bilha na sufuria lake. Ndirangu mwenyewe, mlinzi wa usiku, hajaona kwao mwaka wa tisa huu kwa ajili ya makaratasi. Na Fahmi pale mlangoni, tabasamu limeshaanza upande mmoja.

Nikazima ile sauti ya panya. Nikashika kipaza sauti cha sherehe. Nikasema: mabibi na mabwana, picha ina hitilafu kidogo, lakini mimi naiona vizuri, na mpira umeanza!

Nilitangaza! Nilitangaza kama watangazaji wa utotoni kwetu, wale waliokuwa wanaweza kukufanya uone hata jasho. Tatizo majina. Wachezaji niliowajua waliisha mapema sana. Nikaingiza wanafunzi wa darasa langu la sita. Nao wakaisha. Nikaingiza mashemeji. Honorata alikuwa anapakua pilau. Aliposikia Projesti anampa Novati, Novati anampenyezea Kastori, mwiko ukasimama hewani. Kaka zake watatu! Wote viungo wa Yanga! Kastori ana goti bovu tangu jeshini!

Taratibu nikajua kuisoma ile mistari. Vivuli vikisimama vyote kwa pamoja, hilo ni goli. Vikikaa, mpira katikati. Vilisimama mara tatu, nikawapa Yanga. Mara ya nne nikawapa Simba. Sina roho mbaya, na niliona watu wa Simba hawajagusa pilau.

Kwenye goli la pili Fahmi aliruka juu. Ofsaidi! Wallahi ofsaidi, kaiona kwa macho yake mawili, refa kanunuliwa! Akaja mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya mstari, akaonyesha ukumbi mzima Kastori alikuwa amesimama wapi. Nikamwambia bwana Fahmi, Kastori alikuwa nyuma ya beki kwa hatua nzima. Akasema nyuma ya beki yupi, huyu au huyu? Tukabishana mpaka mapumziko. Ukumbi ukagawanyika vyama viwili.

Mwisho wa mchezo, tatu kwa moja. Ndirangu, ambaye si Simba wala Yanga, alikuwa analia. Alisema, buda, nimesikia harufu ya uwanja. Wakaniinua juu. Wakaniangusha, lakini kwa upendo.

Jumapili, 13 Desemba

Kanisani wameniita Mwenyekiti. Padri mwenyewe kauliza habari za goti la Kastori.

Mchana tumecheza na Wasalvador. Sita bila. Mawili yalikuwa jua machoni, moja upepo, mengine ni ukosefu wa serikali. Cha ajabu, hakuna aliyenilaumu! Wote walikuwa wanaongelea goli la pili. Sasa naelewa nchi zinavyoendeshwa. Mpe mwananchi simulizi tamu, hatauliza magoli yameingia mangapi.

Jumatano, 16 Desemba

Balaa. Fahmi amepata kwa Mhindi mmoja wa Langley Park deki inayosoma kanda za dunia nzima. Si kwamba ananitilia shaka. Afadhali angenitilia shaka! Anaamini kila neno langu. Anachotaka ni kuonyesha ile ofsaidi mbele ya wapiga kura, Jumapili, kabla ya uchaguzi, ili Simba ipate haki yake na mimi nionekane mtangazaji wa upendeleo.

Nikaificha kanda kwenye friza, chini ya samaki. Nimerudi kutoka kazini, samaki wapo, kanda haipo. Honorata kampa! Eti Fahmi kapiga simu kwa adabu, dada Honorata huku, dada Honorata kule, akapita kuichukua na kilo ya tende. Nimemuuliza mke wangu kwa nini ananimaliza. Kajibu kwamba na yeye anataka kumwona Kastori anavyokimbia.

Jumamosi, 19 Desemba

Leo bunge la huku limempigia kura rais wao ashtakiwe. Kosa lenyewe? Wanadai kasema uongo. Uongo! Nimeangalia na vibibi vyangu kwenye televisheni ya nyumba ya wazee. Nusu wanapiga makofi, nusu wanafuta machozi, mimi peke yangu natokwa jasho. Kwetu mgombea anaahidi daraja mahali ambapo hakuna mto, na anapita, na muhula wa pili anaahidi mto. Ndirangu anasema kwao Kenya uchaguzi unafanyika mwaka mmoja na kubishaniwa minne. Huku mtu anaulizwa swali, na jibu lake linatunzwa! Nchi ya watu wagumu hii.

Nimempigia Respi nijue matokeo ya kweli. Kapokea mtoto, kasema baba yuko shamba, akaweka simu chini na kwenda kumwita. Nilisikiliza kuku mpaka kadi ikaisha.

Nimesali. Tatu kwa moja, Bwana. Hata mbili kwa moja. Hata sare, mradi Kastori awe amecheza.

Jumapili, 20 Desemba

Fahmi kaja na suti. Kashika rimoti kama fimbo ya uchifu. Kasema leo ukweli utajitetea wenyewe, akabonyeza.

Picha safi kama kioo. Kijani na njano! Skrini nzima kijani na njano! Nikaruka juu kuliko nilivyowahi kuruka golini. Yanga! Si niliwaambia? Watu wakapiga vigelegele.

Kisha nikaona viti.

Viti vingi, vimepangwa safu kwa safu. Na watu wa kijani na njano wameketi juu yake, na kofia, na vitambulisho shingoni. Mmoja anasoma taarifa ya utekelezaji ya mkoa. Ulikuwa mkutano mkuu wa Chama. Chama tawala, Dodoma, mwanzo mpaka mwisho! Safu ya tatu nikamtambua mkwe wa Respi, mjumbe, anaipungia kamera mkono. Respi kaandika mwenyewe usifute, kafuta mwenyewe, ili mkwe wake ajione!

Meza kuu ikaingia. Wajumbe wote wakasimama, wakapiga makofi. Wakakaa.

Ndirangu akasema polepole: goli la kwanza.

Fahmi aligeuka. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile. Akasema, ndugu zangu, huyu bwana kawatangazia mkutano wa chama kuwa ni mpira, kawalisha uongo pamoja na pilau mkiwa macho, na huyu ndiye mnataka awe kiongozi? Kila neno kweli tupu. Watu wakanitazama.

Ndipo mama Bilha akanyoosha mkono. Akasema ana swali dogo tu, kwa Fahmi. Akamwomba, baba, hebu rudisha kanda nyuma, utuonyeshe ile ofsaidi.

Rimoti ikamdondoka Fahmi. Akasema lakini, yaani, ile siku, mistari ilikuwa... Mama Bilha akasema si uliona kwa macho yako mawili, wallahi? Ni mjumbe gani aliyekuwa ofsaidi, yule wa kofia? Ndirangu akaanza kucheka, akateleza kwenye kiti, akakaa chini. Ukumbi ukamfuata. Walicheka mpaka watoto wakaogopa. Mama Bilha akahitimisha: mmoja katangaza uongo, mwingine kaapa kwamba kauona, na tuliolishwa ni sisi.

Akauliza ni nani siku ile alipika, aliuliza kama kanda imejaribiwa, na hakusema neno la uongo. Mikono ikapanda yote. Honorata! Hata mkono wa Fahmi. Hata wangu, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Uamuzi wake wa kwanza kama mwenyekiti kautoa kabla hajakaa. Golikipa kuanzia leo ni Kiplagat wa Laurel, jitu refu linaloinama kupita mlangoni. Hakuomba maoni. Hakunitazama tena. Fahmi akapiga makofi, kisha akaambiwa na yeye ashuke namba, atakuwa wa akiba pamoja nami.

Tulikaa wawili benchi la nyuma. Baadaye akanipa tende.

Nje, kwenye mvua, Ndirangu kanikimbilia hadi kwenye gari. Nilidhani anakuja kunisuta. Alitaka kujua, baada ya lile goli la tatu, Kastori alitolewa au alimaliza mechi? Nikamwambia alimaliza, na goti lake hivyo hivyo. Akashukuru.

Jumatatu, 21 Desemba

Nimetafakari kwa kina. Nimegundua kosa langu. Kosa lilikuwa deki. Mwakani natafuta deki nzuri mapema, halafu naitia ubovu mimi mwenyewe.

Halafu leo nilipita Laurel kumpongeza Kiplagat. Nimemdokeza, kama kaka mkubwa, kwamba mawakala wa Ulaya hawatazami makipa kabisa, wanatazama washambuliaji warefu. Ameanza kufikiri. Glavu zangu bado ziko garini.

Kwenye simu nawaeleza watu kwamba kampeni ya Honorata niliiongoza mimi, tena kwa siri, na ule mkutano wa chama ulikuwa mbinu. Wengi wameamini. Nilikuwa namweleza Irene hivyo hivyo jikoni kwetu, sikujua Honorata kaingia. Irene akamgeukia, akamwambia shoga yangu una bahati wewe, juzi kadi ya kijani, leo uenyekiti.

Honorata akaniangalia tu, akaendelea kuvua viatu vya kazini.

Haya basi, naandika na nafunga daftari. Ile bahati nasibu sikushinda mimi. Alishinda Honorata. Mimi nilikuja kama mume.