Bwawa la Wajukuu

Jumapili, 6 Novemba 1994

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia tangu Machi, wiki ile tuliyomzika Dorotea. Nilikosa la kuandika. Mke wangu ndiye aliyekuwa akifanya mambo; mimi, mkaguzi wa shule, nilikuwa nikiyakagua tu.

Leo lipo. Binti yangu Winnie ameandika kutoka Dar es Salaam. Watoto hawataki kuja Mwanza Krismasi, kwani kwa babu hakuna la kufanya ila kunyamaza. Wanataka hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Bwawa? Watalipata! Nyuma ya nyumba lipo tangi la saruji ambalo Dorotea alilichimbia ardhini kwa ajili ya mboga zake. Ninalo pia jarida la Nairobi lenye picha ya bustani ya bwawa: majani mafupi, mawe, viti, maua yanayoelea. Mawe ninayo. Mtaa wetu huu wa Mkolani wote ni mawe.

Jumatano, 9 Novemba

Fundi Shimba ameanza. Nimemwonyesha picha. Ameigeuza juu chini, akaitazama upya. Nimemwagiza abomoe upande mmoja wa tangi na kujenga mteremko, ili wajukuu waingie majini taratibu. Aukwaruze, wasiteleze. Jiwe kubwa libaki, ndilo pambo. Ukoka upandwe hadi ukingoni. Viti vinne.

Shimba ameuliza nimenunua ng'ombe wangapi. Nimemweleza kwamba hili ni bwawa la kuogelea, si lambo la kunyweshea mifugo. Amesema sawa, mzee, ameelewa kabisa.

Jirani yangu Mihayo, muuza sangara, amechungulia juu ya michongoma. Ana dishi la televisheni na wajukuu saba. Ameuliza kama mimi mwalimu najua kuogelea. Sijui. Nimemjibu kwamba nitasimamia.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua kubwa. Bwawa limejaa! Yamebaki maua.

Nimeyapata Igogo, ufukweni mwa ziwa: ya zambarau, yanaelea yenyewe, mazuri kuliko ya jaridani. Niliwauliza wavuvi bei. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Wakanipa magunia mawili bure, wakayabeba wenyewe hadi kwenye pikapu, wakanisihi nirudi kesho na keshokutwa. Watu wakarimu mno.

Mihayo anasema ni magugu maji, yanaziba njia ya mitumbwi ziwani; mtu mzima na akili zake anayapelekaje nyumbani? Wivu!

Nimempelekea Winnie mchoro wa bustani, pamoja na vipimo.

Jumanne, 22 Novemba

Maua yamezaliana. Maji hayaonekani tena. Nimetumbukiza fimbo kuhakikisha kwamba yapo. Fimbo haikurudi.

Jioni nimevijaribu viti. Nimekaa kwenye cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Cha nne kinayumba. Winnie hajajibu.

Jumapili, 27 Novemba

Ng'ombe!

Nimetoka kanisani nikawakuta kumi na wanne, wanashuka mteremko wangu kwa mstari. Hakuteleza hata mmoja. Mwenye mifugo, Mzee Masalu, alikuwa ananisubiri, kofia mkononi. Kumbe Shimba ametangaza Mkolani nzima kwamba mwalimu amechimba lambo. Masalu alisema amekuja kushukuru, maana anayewapa ng'ombe wa wenzake maji ndiye mtu hasa. Akanikabidhi kibuyu cha maziwa.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Lakini kibuyu kilikwisha kuwa mkononi mwangu. Nani amfukuze mtu huku ameshika maziwa yake? Nikasema karibu.

Ukoka wote umeliwa. Maua pia. Mihayo alicheka nyuma ya michongoma hadi akakohoa.

Masalu alikaa hadi saa nane. Anamkumbuka Dorotea, aliyekuwa akimpa mbegu za mchicha, na kumfokea alipozipanda vibaya. Nilichemsha chai. Kikombe cha pili ilibidi kwanza kioshwe vumbi.

Jumamosi, 3 Desemba

Masalu amekuja kila siku. Leo Mihayo naye amezunguka michongoma na samaki wa kukaanga, akakaa kwenye kiti kinachoyumba. Walibishana kuhusu umri wa dume jekundu la Masalu. Niliombwa kuamua. Nikakagua meno. Kelele tupu! Bustani imeharibika kabisa.

Jumatano, 7 Desemba

Barua ya Winnie. Anashukuru kwa mchoro. Wamekwisha kuweka nafasi hotelini. Labda Pasaka. Watoto wameuliza kama bwawa la babu lina ubao wa kurukia.

Ubao! Ndilo kosa langu. Watoto gani watasafiri siku mbili kwa treni kuja kwenye bwawa lisilo na ubao?

Kesho Shimba anaanza tena. Ubao. Ukoka mpya. Ukuta kuzunguka bustani yote, na lango la chuma lenye kufuli. Maua nitayafuata Igogo; wavuvi wamenihakikishia kwamba yapo tele. Ng'ombe ni marufuku.

Nimemwarifu Masalu. Amesema sawa, mwalimu, halafu akauliza kesho aje saa ngapi. Nimemwambia saa nne kama kawaida, kwa kuwa ukuta bado haujajengwa.

Shimba anataka upana wa lango. Futi tatu zawatosha wajukuu wawili na mama yao. Ng'ombe wale, hasa dume jekundu, wanahitaji sita. Nimepima mara mbili. Sijaamua. Nitakapoamua, nitakuandikia.