Mwavuli wa Swali la Nne

Ndugu Mkuu wa Mitihani,

Daktari amenikataza kujichosha, kwa hiyo nitakulaumu kwa ufupi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi ya Kiingereza. Ndimi niliyeandika ule mwongozo wa jalada la kijani ambao wanafunzi wanaukariri mwaka wa thelathini na moja sasa, badala ya kuisoma riwaya yenyewe ya mjane na wanawe. Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, amepata sifuri katika swali lako la nne, na kwa sifuri hiyo chuo cha ualimu kimemkataa. Sitaki kuzikwa na jambo hili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Swali, nikilitafsiri, lilitaka watahiniwa wajadili umuhimu wa mwavuli katika riwaya. Katika riwaya hiyo hakuna mwavuli.

2. Mwavuli ulikuwa wangu. Siku niliyokamilisha mswada mawingu yalikuwa yametanda, nikajiandikia pembeni, kwa Kiswahili: mwavuli, usisahau. Mpiga chapa wa shule, mama makini kupita kiasi, alipoona Kiswahili katikati ya Kiingereza akakitafsiri, akakipanga kwenye orodha ya ishara, baada ya mto na kabla ya kifo. Nilipogundua, nakala zilikwisha sambaa. Nikanyamaza. Mwavuli wenyewe niliusahau, nikalowa chapachapa.

3. Walimu wenzangu, badala ya kuuliza, wakafundisha. Mmoja alisema mwavuli ni mapenzi ya mama. Mwingine, kwamba ni serikali. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya shule nzima kwa kuona yaliyofichika, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

4. Idara yako ikatunga swali kutoka kwenye mwongozo na kusahihisha kwa mwongozo. Neno hilo ukilikata mkia linabaki mwongo, na huyo ni mimi.

5. Mjukuu wangu aliandika sentensi moja tu: hakuna mwavuli. Yaani mtahiniwa pekee aliyesoma kitabu ndiye mliyemwangusha.

Naomba apewe alama zote. Waliofaulu kwa mwavuli tangu mwanzo wanyang'anywe vyeti, ukiwemo wewe, maana nikikadiria umri wako, ulipita chini ya mwavuli huohuo.

Wasalimie watunzi, wasahihishaji na wabeba bahasha. Mpiga chapa wako mwambie asitafsiri kitu.

Wako, ambaye hatapata nafasi ya kukata rufaa,

Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Mjukuu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Babu," akasema, "mimi kitabu sikukifungua. Nilisoma mwongozo wa mwalimu mwingine." Ikabidi nami niungame kwamba niliandika wangu baada ya kusoma sura nne. Tukakitoa kabatini. Sura ya tano, mjane anafungua mwavuli. Sifuri ibaki. Ananisomea kwa sauti, maana macho yangu yamechoka, na tumefika sura ya saba. Usiharakishe kujibu, nataka kujua riwaya inaishaje.