Wiki Niliyopoteza Sauti na Darasa

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwalimu mkuu ametangaza kuwa Ijumaa atakaa nyuma ya darasa langu la historia. Akikuta wanafunzi wamezubaa, watahiniwa wote wanakwenda kwa mwenzangu, Bwana Ramani, yule asiyetembea bila ramani kwapani. Mimi nitapewa stoo. Nizeeke nikilinda madawati mabovu! Ramani kanipa pole kabla ya msiba. Nimemshukuru kwa meno tu.
Nina mpango. Maswali ya Ijumaa nimeyatunga leo, na majibu nimewagawia wanafunzi wakariri.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Nimewaambia wajibu kwa kishindo. Wamejibu kama wagonjwa wanaoitwa dirisha la sindano. Nikafoka. Nikapiga meza. Mmoja kauliza kama swali la nne linaweza kutangulia, maana jibu lake ni fupi. Nikafoka upya, mpaka koo likaanza kukwaruza kama bawaba kavu.
Nyumbani sikuweza hata kulalamikia chumvi. Mama watoto kasema Mungu kasikia.

Jumatano, 5 Machi
Sauti hakuna! Nikikohoa inatoka hewa, kama tairi lililochomwa msumari. Nimeandika swali ubaoni: kwa nini watu walikubali kulipa kodi ya kichwa? Nikaenda kukaa dawati la nyuma, nife kikondoo.
Mara akasema binti tunayemwita Kaburi, kwa kuwa tangu aje shuleni hajafungua kinywa. Kasema nani alikubali? Bibi yake anasimulia walivyokuwa wakiwaficha wanaume darini watoza kodi wakija, wanawake wanapika chini huku wakiomba mtu asipige chafya. Mwenzake akambishia: basi waliolipa ni akina nani? Darasa likawaka. Wakanigeukia, Mwalimu, nani mkweli? Nikafungua mdomo. Hewa. Wakaendelea wenyewe. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.
Kaburi kaniletea maji. Kasema kumbe Mwalimu naye huwa anasikiliza. Maji yakanipalia. Kikohozi, bila shaka.
Siku nzima imepotea. Hakuna hata jibu moja lililokaririwa!

Alhamisi, 6 Machi
Tangawizi, limau, maji ya chumvi. Sauti inarudi kwa kuchechemea. Kaburi kaja mbio asubuhi. Kamhoji bibi yake usiku, ana mambo mapya. Nimemwambia akae, hayo hayamo kwenye majibu. Kakaa.
Mazoezi yamekwenda vizuri. Hakuna aliyebisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha.
Sauti ilirudi yote. Nikaunguruma swali la kwanza, darasa likaunguruma jibu la pili. La pili likapata la tatu. La mwisho likakosa mwenyewe. Mwalimu mkuu akanyanyua mkono tunyamaze, akamuuliza Kaburi yeye anaonaje. Kaburi akanitazama mimi, kisha akamwambia kwa upole kwamba analoliona halimo kwenye majibu, Madamu.
Ofisini mkuu hakugomba. Heri angegomba. Kasema Jumatano alipita dirishani, akasimama hapo mpaka akasahau alikokuwa akienda. Leo alikuja kulitafuta darasa lile, hakulikuta. Kaniuliza nililipeleka wapi. Nikamwambia siku ile nilikuwa mgonjwa.
Kanipa funguo za stoo. Ramani keshaanza kutundika ramani zake. Kaburi kanipita koridoni, kaniamkia vizuri tu, macho chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda kitandani nikitazama dari. Mama watoto kauliza nimejifunza nini. Nimemjibu kwamba kosa nimeliona: sauti yangu haikufika madawati ya nyuma!
Nimekwenda kwa shemeji, anayeuza dawa ya panya sokoni. Kaniazima kipaza sauti chake. Jumatatu nitamwomba mkuu kipindi kimoja tu cha majaribio. Shemeji kaonya kwamba kikipata moto huwa kinaanza chenyewe kutangaza panya, mende na kunguni.
Si neno. Angalau wataamka.