Kuhusu Kipaji cha Shemeji Yangu, Ambacho Hakipo

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Nakuandikia nikiwa na akili timamu, miwani safi, na gazeti lako la Jumapili mbele yangu, kurasa za kumi na nne na kumi na tano. Nina miaka hamsini na tisa. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei katika hospitali ya serikali. Nimeifanya kwa miaka thelathini na mitatu bila kulalamikiwa na mtu, isipokuwa wale walioambiwa wasitikisike wakatikisika. Gazeti lako sijawahi kuliandikia. Hadi sasa nimelitumia kufutia vioo, na kwa kazi hiyo sina lawama nalo.

Katika kurasa hizo umemwandika mwendesha pikipiki mstaafu wa motokrosi, yule mnayemwita Panzi, ukasema yeye ni "kipaji kinachozaliwa mara moja kwa karne". Ukatangaza pia kwamba Jumamosi hii klabu ya pikipiki itaupa uwanja wa mbio jina lake, na kwamba yeye mwenyewe, na miaka yake hamsini na sita, atapanda pikipiki na kuuzunguka uwanja mara moja kwa heshima, akipitia kile kilima kirefu cha kurukia. Mwishoni umewaomba wasomaji watoe maoni kuhusu kipaji chake na urithi aliotuachia.

Mimi ni msomaji. Tena ni shemeji yake, kwa kuwa amemuoa mdogo wangu, fundi cherehani, mwaka wa ishirini na nane sasa. Maoni yangu ni haya, na naomba yachapwe kabla ya Ijumaa.

1. Umeandika kwamba ushindi wake wa kwanza, alipokuwa kijana asiyejulikana, "ulionyesha moyo usiojua woga". Ndugu Mhariri, woga aliujua vizuri, walikuwa pamoja siku nzima. Waya wa mafuta ulikwama. Pikipiki ilishika kasi kwenye mstari wa kuanzia na ikakataa kupunguza hadi mafuta yalipokwisha, mizunguko miwili baada ya mbio zenyewe kumalizika. Haya alitusimulia mwenyewe siku aliyokuja kuposa, sebuleni kwetu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Nilikuwa napiga kelele wanisimamishe," alisema, "wao wakadhani nashangilia." Wazee walicheka hadi wakasahau kumuuliza anafanya kazi gani. Ndivyo tulivyompata.

2. Umeandika kwamba "hakuwa mtu wa kuanguka ovyo". Kuhusu ovyo sijui, lakini kuhusu kuanguka ninazo picha. Siri za wagonjwa nazijua na nazitunza, ila haya huyasimulia mwenyewe kwa yeyote atakayekaa naye dakika tano. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa unaoshika bega, mara tatu, wa kulia mara mbili. Mbavu sita. Kifundo cha mguu ambacho kwenye picha huonekana kama mfuko wa kokoto. Na vidole vinne, kikiwemo kile unachokizungumzia kwenye kichwa cha makala yako, "Chanda Chema Huvikwa Pete". Chanda hicho nakifahamu. Pete ya ndoa ilikaa juu yake wiki tatu tu, ikakatwa kwa msumeno mdogo katika chumba cha dharura, na mdogo wangu anaihifadhi kwenye kopo la vifungo hadi leo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu hilo hupelekwa wapi. Huletwa kwangu.

3. Picha kubwa uliyoiweka katikati inamwonyesha yuko hewani, mkono wa kushoto juu, na chini yake umeandika: "Salamu ya mfalme kwa raia wake." Hiyo si salamu, Ndugu Mhariri. Hiyo ni nyigu. Aliingia ndani ya glavu, na shemeji yangu akaachia mkono ili amkung'ute. Watu wakapagawa. Katika mbio zilizofuata wakamsubiri kwenye kilima wakimtaka ainue tena, naye ni mtu asiyeweza kumnyima mtu kitu. Akainua bila nyigu. Huo ndio mtulinga wa pili.

Unauliza kuhusu urithi? Mwezi uliopita nilimpokea mwalimu wa hesabu wa miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watatu, aliyeinua mkono akiteremka mlima kwa baiskeli ya mkewe. Nikamuuliza, "Mwalimu, ulikuwa unamsalimia nani?" Akajibu bila haya, "Panzi." Basi urithi ndio huo. Uko kwenye benchi nje ya chumba changu, umefungwa bandeji, unasubiri kuitwa.

4. Mashahidi uliowahoji wana kasoro. Wa kwanza ni yule mzee aitwaye Kivuli, aliyemaliza wa pili nyuma ya Panzi mara tisa, naye amekwambia kwamba hajaona mwingine kama yeye. Angesema nini? Kama Panzi hakuwa kitu, yeye aliyeshindwa mara tisa na kitu kisicho kitu ataitwaje? Bwana huyu huja kwa mdogo wangu kila Jumapili kucheza drafti. Humshinda Panzi kila mara, na kila mara akishinda huacha kete mezani na kuuliza, "Hebu niambie leo. Ile kona ya tatu, mwaka ule wa mvua, ulipitia wapi?" Na Panzi humjibu, "Sikumbuki ndugu yangu, nilikuwa nimefumba macho." Huyo ndiye gwiji wako.

Shahidi wa pili ni mama yangu mzazi, miaka themanini na mitatu, aliyekwambia kwa simu kwamba mkwe wake "ana mikono ya malaika". Ulipaswa kunipigia kwanza mimi. Mama ndiye aliyempinga Panzi kuliko wote. "Mwanangu aolewe na mtu ambaye kazi yake ni kuanguka?" alikuwa akisema, hata mbele yake. Kisha mwaka mmoja akashikwa na homa kali, barabara imejaa maji, gari la jirani limegoma. Panzi akamfunga mgongoni kwake kwa shuka mbili, akampeleka zahanati kwa pikipiki, akikata mashamba na kuruka mitaro. Nilimkuta Mama amekaa kitandani, macho yanang'aa. Nikamuuliza kama aliogopa. "Niogope nini?" akasema. "Tulikuwa juu." Tangu siku hiyo hatusaidii chochote katika jambo hili.

5. Gari hajui kuendesha. Hapa sina maelezo. Iulize nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yao.

6. Kwa kuwa imeshathibitika kwamba ushindi wa kwanza ulikuwa wa waya, na ile salamu ilikuwa ya nyigu, nadai yafuatayo. Kwanza, vikombe vyote virudishwe klabuni, vikiwemo viwili ambavyo Mama ameotesha maua ndani yake. Pili, uwanja uitwe kwa jina la yeyote mwingine. Nawapendekeza wabeba machela, ambao kwa miaka yote hiyo walimaliza kila mbio wakiwa wima. Tatu, klabu iunde kamati ya kuchunguza kama motokrosi ni mchezo au ni namna ya kuanguka iliyowekewa viti vya watazamaji. Na kamati hiyo ikishindwa kuafikiana, basi kile kilima kisawazishwe, au kihamishiwe jirani na hospitali ili kupunguza safari.

7. Nilikusudia kuishia sita.

Miaka tisa iliyopita, baada ya mbio zake za mwisho, niliipiga mwenyewe picha ya shingo yake. Niliiweka kwenye mwanga nikaiona pingili ya tano, na sikutaka kugeuka. Yeye akachungulia begani kwangu akasema, "Shemeji, mbona hapa nimetoka vizuri?" Hakuna aliyecheka, hata yeye. Daktari alipokwisha kueleza kwa maneno yake marefu, Panzi alimwomba mdogo wangu akamtafutie maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa akaniuliza, "Niambie wewe, kwa maneno mafupi. Nikianguka tena?"

Nikamwambia. Kitandani, maisha, kulishwa kwa kijiko.

Kisha akasema, "Basi nimeshuka." Na kweli akashuka. Kwa miaka tisa hajapanda hata baiskeli. Anatengeneza pampu za maji kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na watu husema ni fundi mwaminifu.

Sasa wewe umeandika kurasa mbili. Mwenyekiti wa klabu amekuja na shada la maua. Na shemeji yangu ameshusha lile vazi la mbio kutoka juu ya kabati, akampelekea mkewe alitanue kiunoni. Jumanne nilimkuta mdogo wangu kwenye cherehani, anashona kiuno cha lile vazi. Nikamuuliza, "Utamwacha apande?" Hakuinua kichwa. "Dada," akasema, "mimi sijawahi kumshusha. Siku ile alishuka mwenyewe. Mwandikie yule mhariri."

Ndiyo maana nimekuandikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu akisifiwa hupanda pikipiki. Acha kumsifu. Andika kwamba umechunguza upya ukakuta hakuwa na kipaji chochote, kwamba alibahatisha miaka kumi na tisa mfululizo. Andika kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele. Mtu asiye na kipaji hakuna atakayemwomba azunguke kwa heshima, naye atabaki kibandani na pampu zake, ameudhika, mzima.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote wa hapo ofisini, wapiga chapa, wafagizi, na yule mpiga picha wako aliyemwambia shemeji yangu avute tumbo ndani. Mama anakusalimu, anaomba nakala tano zaidi. Mdogo wangu naye anakusalimu, ingawa hakunituma kusema hivyo.

Ni mimi, mwenye ukweli na mionzi,

Shemeji wa Panzi
Chumba cha Eksirei, mlango wa pili baada ya dawa

Nyongeza. Naandika haya kwa kalamu ya karani wako wa mapokezi, nimesimama, leo Jumatatu. Nimekuja kuichukua barua yangu niliyoileta Jumatano. Nimeikuta palepale kwenye trei, hujaifungua. Karani amekataa kunirudishia. "Mama, ikishagongwa muhuri ni mali ya ofisi," amesema. "Lakini kuongeza unaruhusiwa." Basi naongeza.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Nilisimama kwenye uzio karibu na gari la wagonjwa, nimeshika ile kola ngumu ya shingo niliyoazima kazini, na mdogo wangu kando yangu. Kuna jambo ambalo sikukwambia kwenye barua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza: katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akishindana. Mbio zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni zamu yangu. Mimi nilikuwa namsubiri upande wa pili, aletwe.

Akaondoka polepole, mzee mwenye kitambi katika vazi lililotanuliwa. Kisha akaingia kona ya kwanza, na nikashindwa kumtambua. Hakuipinda pikipiki. Aliegemea kidogo tu, nayo ikamfuata kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Matope yalikuwa yakiwarusha vijana wote asubuhi ile, kwake yalitulia. Kona ya pili, ya tatu, na macho yalikuwa wazi, nimeyaona. Kisha akanyooka kuelekea kilima, akasimama juu ya vikanyagio, uwanja mzima ukanyamaza, na hapo sijui nini kilinipata. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Ruka, Panzi! Ruka!" Nikageuka nimwone mwendawazimu huyo ni nani. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono ananifinya. Ni mimi.

Akasikia. Akapunguza, akazima injini chini ya kilima, akashuka. Akaisukuma pikipiki kwa miguu hadi juu, anahema kama mvukuto, akapumzika kileleni, kisha akateremka nayo upande wa pili. Ilimchukua karibu dakika sita. Watu walisimama wote, na hakuna aliyekaa hadi alipofika. Kivuli alilia waziwazi, akasema ni matope.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakuruka. "Nilikuwa karibu kuruka, Shemeji," akasema. "Halafu nikasikia sauti yako inaniambia niruke, nikajua uwanja mzima mwenye akili nimebaki mimi peke yangu."

Kwa hiyo naomba namba moja hadi namba sita zifutwe. Kipaji kipo. Kilima kisiguswe, na jina la uwanja libaki kama lilivyo. Namba saba hata usiisome.

Na kama kwenye makabati yako zimo picha zake za zamani akiwa hewani, tafadhali niwekee moja kwa karani. Nilizonazo mimi ni nyingi, lakini zote ni za ndani.