Ombi la Kumfuta Mwanangu Kwenye Mashindano ya Magari ya Kale

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mashindano ya Magari ya Kale.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote ulionao hapo ofisini. Mimi ni mama mzazi wa dereva namba kumi na saba, yule fundi wa majokofu mwenye gari la kijivu lenye mlango mmoja wa bluu. Kazi yangu ni udobi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona barua inazunguka, nivumilie, nitafika. Mwanangu naye huzunguka kile kilima chenu mara kumi na mbili, asifike popote ila pale pale alipoanzia, na mlimpa kikombe.

Ombi langu ni moja tu. Naomba umfute kabla ya fainali ya Jumapili. Nina mtoto huyo mmoja, sina wa akiba. Sababu zangu ni hizi:

1. Umri. Gari lile lina miaka hamsini na sita, limenizidi miwili. Lilikuwa la marehemu baba mkwe, seremala, akilibebesha mbao juu ya paa. Likaja kwa marehemu mume wangu, sasa liko kwa mwanangu. Mtu wa umri huo hupishwa kiti. Nyinyi mnampungia kitambaa usoni na kumwambia kimbia! Tangu nianze kuja uwanjani sijaona hata mmoja wenu akiliamkia. Likikohoa mnacheka. Juzi lilitoa moshi mweusi, na yule kijana wenu wa kipaza sauti akatangaza kwamba namba kumi na saba linavuta sigara. Ni adabu hiyo?

2. Breki. Nilimwambia mwanangu aweke breki mpya. Akanijibu, "Mama, kanuni za chama haziruhusu, lazima ziwe zile zile lilizozaliwa nazo." Ndugu Mwenyekiti, mimi pia nilizaliwa na meno yangu, lakini yaliyooza niliyang'oa. Mwanangu lazima akanyage mara tatu. Ya kwanza ni kuijulisha breki kwamba kuna kona. Ya pili ni kuibembeleza. Ya tatu ndiyo inasikia. Sasa kama kona imekuja na haraka zake, nani ataisubirisha?

3. Ule mlango wa bluu. Uko upande wa kushoto, na kila gari likikata kulia unafunguka wenyewe, kama mtu anayekaribisha wageni. Mwanangu ameufunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Kamba hiyo ni yangu ya kazi. Kwa hiyo siku za mashindano nguo za watu nazianika kwenye ua wa jirani, naye ana mbuzi. Nimekwisha kuomba radhi kwa shati moja.

4. Kofia ngumu. Mnasema inamlinda kichwa. Sawa. Lakini imemziba masikio. Mimi husimama kwenye kona ya tatu, ile mbaya, nikipiga kelele, "Pole pole, baba! Pole pole!" Hasikii hata neno. Wengine, ambao kofia zao zinaacha masikio wazi, wananisikia na kupunguza mwendo, ndiyo maana anawapita wote pale pale. Yule mlinda kamba wenu ameniondoa mara tatu. Mara ya mwisho aliniambia, "Mama, rudi nyuma ya kamba." Nikamjibu, "Kamba yako ya katani, yangu ya kitovu, ipi ilitangulia?" Akatafuta pa kuangalia.

5. Mchumba. Alikuwapo binti mzuri, muuguzi, mwenye mikono safi. Alimwambia mwanangu achague, yeye au gari. Mwanangu akaomba muda wa kufikiri. Miaka miwili sasa anafikiri, na binti ana mtoto kwa mwingine. Silaumu, ila wajukuu wangu wamepotelea kwenye kilima chenu, na huko sijaona ofisi ya vitu vilivyookotwa.

6. Kanuni ya tisa. Nilisomewa na jirani yangu fundi cherehani, maana herufi zenu ni ndogo kama chawa. Inasema gari lisibebe mzigo wowote, ila abiria mmoja mwenye kofia ngumu anaruhusiwa. Yaani gunia mnalionea huruma lakini binadamu apande! Nikasema aliyeiandika hakuwa na mama karibu.

7. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Kama mzazi nilichukua hatua. Kabla ya mbio za mwezi uliopita, mwanangu akiwa ameenda kutengeneza jokofu la mtu, niliingia uani, nikang'oa kiti cha nyuma cha gari, nikalaza gunia la mchanga, nikarudisha kiti juu yake. Kilo hamsini kamili, nilipima kwa mizani yangu ya nguo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: aliyebeba mzigo hakimbii. Mimi nimebeba mabeseni miaka thelathini, najua.

Kumbe sijui. Gari lile zamani kwenye kona lilikuwa likitupa makalio huku na huku kama mtu anayefagia. Siku ile, mzigo ukiwa nyuma, lilitulia kama limekaa kwenye mkeka. Mwanangu alimpita yule dereva wenu daktari wa meno kwenye kona ya tatu, mbele ya macho yangu, nami nimefungua mdomo wa kusema pole pole na haikutoka. Alishuka analia kwa furaha. "Mama," akasema, "leo gari limenikubali!" Ningemwambia nini? Niambie wewe, una cheo.

8. Kikombe. Kiko juu ya kabati langu. Nakifuta vumbi kila asubuhi, si kwa sababu nakipenda, ni kwa sababu mimi ni msafi. Wateja wakileta nguo wanaulizia, nami nalazimika kukishusha, kuwaonyesha, kuwaeleza alivyompita daktari wa meno, nikisimama hapa kuwa kona na beseni likiwa gari. Kazi inachelewa. Jana nilieleza mara sita.

9. Mwanangu ana neno moja la kunimaliza. Nikimwambia aache, anasema, "Mama, mimi nilizaliwa mle ndani." Ni kweli, Ndugu Mwenyekiti. Alizaliwa kiti cha nyuma, njiani kwenda zahanati. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa taratibu, anapunguza mwendo kwenye kila shimo na kuniuliza kama naumia. Mimi nikawa nampiga bega kwa nguvu zangu zote, "Kanyaga, baba! Kanyaga!" Na akakanyaga. Miti ikawa inapita kama ukuta mmoja wa kijani, upepo umejaa gari zima, na katikati ya maumivu yale, nisikufiche, nilicheka. Lakini ile ilikuwa dharura, usije ukaitumia dhidi yangu.

Najua kufuta jina kuna taratibu zake. Kama itakuwa vigumu, basi nimekuandalia njia nyingine, chagua moja:

Kwanza, anayefika wa mwisho ndiye apewe kikombe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwangalifu. Nimempa fundi cherehani wazo hili, akasema basi hakuna atakayeondoka pale mwanzo. Nikamwambia, sasa umeelewa.

Hilo likishindikana, magari yakae kivulini, madereva wakimbie kwa miguu kila mmoja ameshika usukani wake mkononi. Mapafu yao ni mapya, na breki zao ni za miguu kweli.

Na hilo nalo likiwa zito, basi viongozi wa chama mpange mstari na kuunguruma kwa midomo, kila mmoja kwa sauti ya gari lake, na kamati ya akina mama itoe alama. Nasikia wewe mwenyewe unajua kukohoa kama gari lako lile la njano. Hatari pekee hapo ni koo, na dawa ya koo ninayo.

Lakini la kwanza ndilo hasa: mfute mwanangu. Wewe kwa umri ni kama mdogo wangu, nami nakuomba kama dada mkubwa anavyoomba, yaani mara moja kwa upole. Ukimfuta, nitakuombea dua na nitakufulia bendera zako zote bure, hata ile ya madoadoa ya mafuta.

Nisalimie mama watoto na watoto. Nisalimie mkaguzi wa magari, yule wa kalamu sikioni, na mlinda kamba, mwambie sina kinyongo. Nisalimie daktari wa meno pia, mwambie jino langu la nyuma linaendelea vizuri na pole kwa mwezi uliopita. Kijana wa kipaza sauti msalimie kidogo tu.

Ni mimi ninayekosa usingizi kwa ajili yenu,

Mama wa Namba Kumi na Saba,
Dobi.

Nyongeza: Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nalamba bahasha. Fundi cherehani kaja mbio na sindano bado iko mdomoni, anasema leo mchana mmekagua magari ya fainali, mkaguzi kakuta gunia, na mmemfuta mwanangu. Mmebandika na karatasi mlangoni pa ofisi yenu kwamba namba kumi na saba ni mdanganyifu.

Mmemfuta? Nani kawatuma?

Mwanangu hakujua lolote juu ya gunia lile. Ni langu, mchanga ni wangu, nimekwisha kuungama hapo juu nambari ya saba, rudi ukasome. Sasa hivi yuko uani, amekaa ndani ya gari, hajaliwasha, mikono iko kwenye usukani, na nikimwita anasema, "Nakuja, mama," na haji. Tangu azaliwe sijamwona kimya hivyo. Hata siku ile ya muuguzi alipiga mluzi.

Kwa hiyo yote niliyoandika tangu salamu, yafute hayo. Breki zinasikia vizuri. Mlango ni suala la kamba, na kamba ninazo. Ile karatasi ibanduliwe leo, na mwanangu arudishwe kwa sauti ile ile ya kipaza sauti.

Kuhusu gunia, nakubali, mzigo ni marufuku. Lakini bila uzito nyuma, kona ya tatu gari litarudi kufagia, na hilo moyo wangu hauwezi. Nimesomewa tena kanuni ya tisa, na ninamwomba radhi aliyeiandika, ana akili sana. Nimepanda kwenye mizani yangu sasa hivi: kilo sabini na tatu, bado sijala. Kofia ngumu mniletee kubwa kidogo, kwa sababu kilemba sivui.

Jumapili nitakaa kiti cha nyuma, pale pale nilipomzaa. Bega lake nalifikia. Akipunguza mwendo bila sababu, nitampiga.